Kupanga Uzazi, Sehemu ya 2: Je, Sindano Humkataa Mtu?

Juma lililopita tuliona jinsi yai linavyotoka na mbegu inavyolifikia. Leo tuigeukie lalama inayosikika Eastlands nzima, Umoja hadi Kayole: "Nilidungwa, na bado nikashika mimba. Sindano ilinikataa."

Mama mmoja wa Umoja alinionyesha kadi yake ya kliniki, imekunjwa mara nne ndani ya kava la simu. Alidungwa Depo tarehe 14 Machi. Siku ya kurudi, 13 Juni, iliandikwa kwa wino mwekundu. Alirudi mwisho wa Agosti. Juni hiyo alikuwa na kibarua cha kufua Buruburu, na kibarua hakingojei foleni ya kliniki. Depo hudumu wiki 13. Aliyechelewa huvumiliwa hadi wiki nne zaidi. Yeye alizipita hata hizo. Sindano yake iliisha nguvu, basi.

Chukua wanawake 100 wanaoishi na waume zao mwaka mzima bila kinga yoyote: kama 85 watashika mimba. Wakitegemea kondomu jinsi watu wanavyoitumia hasa, leo ipo kesho imesahaulika, 13 hivi. Tembe, 7. Sindano, 4. Lakini tembe hizo hizo zikimezwa kila siku bila kuruka, hafiki hata mmoja. Kijiti, ile wengi huita "ya mkono", hakimdai mtu kukumbuka chochote. Humponyoka takriban mmoja kati ya 1,000.

Kuna wakati mwenye kadi hana kosa lolote. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulichochea ini kuvunja homoni upesi, na tembe na kijiti vikapungua nguvu. Depo na koili ya shaba haviguswi. Ukianza dawa za TB, mwambie daktari unapanga uzazi kwa njia gani, hata asipouliza.

Nayo P2, tembe ya dharura inayokimbiliwa kwenye kemisti Jumapili asubuhi (waumini mtanisamehe) huchelewesha yai kutoka. Likiwa limeshatoka, umemeza pesa zako.

Toa kadi yako usome tarehe. Ikiwa umeipita kwa zaidi ya wiki nne, shika kondomu na upimwe mimba kabla ya kudungwa tena. Juma lijalo: kwa nini mimba hukawia baada ya kuacha Depo.