Harufu ya Mlangilangi na Bei ya Kuni: Funzo kutoka Visiwa vya Ngazija

Ni wachache miongoni mwetu wasioijua harufu ya mlangilangi. Jioni, upepo unapovuma kutoka baharini, harufu hiyo huvuka kuta za nyua za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, ikamjulisha mpita njia kwamba ndani kuna mti uliochanua. Maua yake ya manjano yenye petali ndefu zilizolegea huunganishwa na asumini na rihani katika kikuba cha bibi harusi, na mama zetu huyatia baina ya nguo sandukuni ili leso zitoke na harufu njema. Kwetu sisi, mlangilangi ni pambo la nyumba.

Lakini kuna ndugu zetu ambao kwao mlangilangi ni chakula, ada ya skuli na dawa ya mtoto mgonjwa. Hao ni watu wa Visiwa vya Komoro, ambavyo wazee wetu wamezoea kuviita Ngazija. Mti huu umewapa riziki kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika miaka ya karibuni umewatia katika mtihani mzito. Katika makala haya tunautazama mtihani huo, kwa kuwa ni mtihani wa kila taifa dogo la kisiwa, na kwa kuwa mengi yake yanahusu mikono ya wanawake na moto wa jiko.

Ndugu wa damu na wa dini

Baina yetu na watu wa Komoro hakuna ugeni. Lugha yao na Kiswahili ni za ukoo mmoja, dini yetu ni moja, na koo nyingi za pwani zina shina upande huo wa bahari. Habib Swaleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha unaohudhuriwa na maelfu wakati wa Maulidi ya Lamu, asili yake ilikuwa Ngazija.

Visiwa hivyo ni vinne. Ngazija Kuu, Nzwani na Mwali vilipata uhuru kutoka kwa Ufaransa mwaka 1975, na leo ni Muungano wa Komoro. Cha nne, Maore, kimebaki chini ya Ufaransa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2017, nchi ilikuwa na watu zaidi ya 750,000. Nzwani, ambacho ramani za Kifaransa hukiita Anjouan, kina ukubwa wa kilomita za mraba 424 tu, nacho kilikuwa na watu zaidi ya 320,000 kati ya hao. Ni kisiwa cha milima mikali na mabonde membamba, ambako kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana watoto wa kulisha.

Safari ya ua hadi chupa

Asili ya mlangilangi ni Asia ya Kusini Mashariki. Wakoloni wa Kifaransa waliupanda Komoro mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuvilisha viwanda vya manukato vya Ulaya. Mti ukiachwa hukua mrefu sana, kwa hiyo wakulima huukata kilele na kuyainamisha matawi yake ili mchumaji ayafikie maua akiwa amesimama chini. Baadaye Komoro ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta ya mlangilangi duniani. Manukato mashuhuri ya Chanel No. 5, yaliyotolewa mwaka 1921, yana harufu ya ua hili ndani yake.

Kazi ya kuchuma aghalabu ni ya wanawake. Huingia shambani alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwa kuwa joto la mchana hupunguza harufu ya ua. Maua hupelekwa siku hiyo hiyo kwenye mtambo wa kukenekea. Hapo humiminwa katika pipa kubwa la chuma au shaba pamoja na maji, na moto ukawashwa chini yake. Mvuke hupanda ukiwa umebeba mafuta, hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi, kisha hugeuka tena kuwa maji yenye mafuta yanayoelea juu. Kupata kilo moja ya mafuta huhitaji baina ya kilo 40 na 60 za maua.

Mafuta hayatoki yote kwa mara moja. Yale ya saa za mwanzo ndiyo bora na ndiyo yenye bei ya juu. Yanayofuata ni ya daraja la chini zaidi, na yale ya mwisho huishia katika sabuni na bidhaa nyingine za bei nafuu. Lakini moto lazima uwake muda wote, mara nyingi mchana na usiku, na moto huo ni wa kuni.

Kuni, mlima na mto

Mitambo ya kukenekea ni mingi Nzwani, mingine midogo na mikongwe. Mingi hukaa juu ya mafiga yaliyo wazi, ambapo sehemu kubwa ya joto huenda na upepo badala ya kuingia katika pipa. Ongeza kuni za kupikia majumbani, ongeza mashamba ya ndizi na mihogo yanayozidi kupanda mlimani kila kizazi, utaelewa kwa nini Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeitaja Komoro miongoni mwa nchi zilizopoteza misitu kwa kasi kubwa zaidi duniani. Hatusemi kwamba mlangilangi pekee ndio uliokata msitu. Tunasema kwamba una sehemu yake, na sehemu hiyo inaweza kupunguzwa.

Msitu wa mlimani ndio unaotunza maji ya kisiwa. Miti hunasa ukungu wa mawingu, na ardhi iliyofunikwa na majani hunywa mvua polepole na kuiachilia polepole. Mlima ukiwa mtupu, mvua hushuka kwa ghadhabu, hubeba udongo wenye rutuba hadi baharini, na udongo huo hufunika matumbawe ambamo samaki huzaliana. Baada ya siku chache bonde huwa kavu. Ndivyo ilivyotokea Nzwani: mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hutiririka wakati wa mvua tu. Hata popo mkubwa mweusi anayeitwa popo wa Livingstone, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Nzwani na Mwali, amebaki na vipande vichache vya msitu wa kulala.

Na mto ukikauka, ni nani anayetembea zaidi? Ni mama mwenye ndoo na binti aliyepaswa kuwa skuli. Maji ya kupikia, ya kufulia, ya kumwosha mtoto na ya kutawadhia yote hupita mikononi mwao. Mwanamke huyo huyo aliyechuma maua alfajiri ndiye anayelipa, jioni, deni la kuni zilizoyachemsha.

Uzalishaji safi ni nini?

Mwaka 1989 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilianza kueneza fikra inayoitwa uzalishaji safi. Maana yake si ngumu: usingoje uchafu utoke ndipo utafute pa kuutupa, bali tengeneza kazi yako kwa namna ambayo uchafu na hasara havizaliwi. Mpishi mwenye busara hafungui madirisha yote ili moshi utoke huku kuni zake zikiwa mbichi na sufuria yake haina kifuniko. Kwanza hukausha kuni, kisha hufunika chungu. Mkutano wa mataifa madogo ya visiwa uliofanyika Barbados mwaka 1994 ulitambua kwamba nchi hizi zina haja kubwa zaidi ya hekima hiyo, kwa sababu kisiwa hakina ardhi ya akiba. Kilichoharibika leo hakina pa kuhamishiwa kesho.

Katika kukeneka mlangilangi, hatua zenyewe ni za kawaida. Moto huzungushiwa tanuri la matofali lenye mlango na bomba la moshi, ili joto lisipotee. Pipa huvikwa ganda la kuzuia joto. Kuni hupasuliwa na kukaushwa, kwani kuni mbichi hutumia nguvu zake kujikausha zenyewe kabla ya kuchemsha chochote. Maji ya kupozea mvuke huzungushwa na kutumiwa tena. Miti inayokua upesi hupandwa maalumu kwa ajili ya kuni, ili msitu wa mlimani usiguswe.

Wako wanaojaribu mafuta ya dizeli au umeme. Hayo hupunguza kuni, lakini dizeli huagizwa kutoka nje, nao umeme wa visiwa hivyo kwa miaka mingi umetegemea dizeli hiyo hiyo. Kwa mwenye mtambo mdogo kijijini, tanuri bora na kuni kavu ndiyo hatua iliyo karibu. Tena hatua hiyo hairudishi mapato yake nyuma, kwa sababu kuni ni gharama kubwa katika kazi yake. Kila mzigo anaouokoa ni fedha iliyobaki mfukoni.

Mizani na mkono wa mchumaji

Kuna jambo moja ambalo tunaona halitajwi vya kutosha. Ua la mlangilangi lililokomaa huwa manjano kamili, na katika kitovu chake huonekana doa jekundu. Ua bichi bado ni la kijani na lina mafuta machache. Pipa lililojaa maua mabichi hula kuni zile zile na saa zile zile, lakini hutoa mafuta haba. Kwa hiyo uzalishaji safi hauanzii tanurini, bali katika vidole vya mchumaji.

Sasa tujiulize: mchumaji hulipwaje? Akilipwa kwa uzani peke yake, tena malipo madogo, ua bichi na ua lililokomaa huwa sawa mbele ya mizani. Mama mwenye watoto wanaosubiri chakula hawezi kulaumiwa kwa kulijaza kapu lake. Lakini akilipwa zaidi kwa maua yaliyokomaa, yeye hupata haki yake, mkenekaji hupata mafuta bora, na mlima hubaki na miti yake. Uadilifu katika mizani, ambao dini yetu imeusisitiza mno, hapa umekuwa hifadhi ya msitu.

Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa subira. Shirika la wenyeji linaloitwa Dahari, lenye makao yake Nzwani, hushirikiana na wakulima kuboresha mashamba, kupanda miti na kulinda vyanzo vya maji. Mafanikio ya aina hiyo huja polepole, kwa kuwa mkulima hawezi kuambiwa aache mlima bila ya kuonyeshwa namna ya kupata zaidi bondeni.

Funzo kwa nyumba zetu

Sisi si watu wa kisiwa cha mbali, lakini mtihani ni ule ule. Mikoko yetu nayo huishia jikoni na katika tanuri za chokaa, na visima vyetu vingi vimeanza kuwa na chumvi. Tunaweza kuanza na yaliyo mikononi mwetu: kukausha kuni, kufunika sufuria, kutumia jiko lisilopoteza joto, kupanda mti uani kwa kila mtoto anayezaliwa, na kutawadha kwa maji ya kiasi kama tulivyofunzwa, hata pale maji yanapokuwa tele.

Na tunaponunua manukato, tusione haya kumuuliza muuzaji yametoka wapi na yamekenekwa vipi. Huenda leo asijue. Akiulizwa na wengi, naye atamuuliza aliyemuuzia.

Mtume wetu (S.A.W.) alipenda harufu nzuri, na sisi tunaipenda kwa kumfuata. Basi na tuombe, na tufanye juhudi, ili manukato tunayojipaka siku ya Ijumaa na siku ya harusi yasiwe yamemkausha mtu mto wake. Allah awape ndugu zetu wa Komoro mvua yenye kheri na milima yenye miti, na atujaalie sisi kuzishukuru neema zake kwa kuzitunza. Amin.