Je, Wajua? Kusoma Huanzia Sikioni

Ukipita uani jioni ukamsikia mtoto akimwambia mwenzake "lachaku ritaya", usidhani amezusha lugha. Anasema chakula tayari, ila silabi ya mwisho ya kila neno ameihamishia mbele. Mchezo huo unaitwa kinyume, na si wa jana wala juzi. Edward Steere, mmisionari wa Unguja aliyekuja kuwa askofu, aliueleza katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichotoka London mwaka 1870.

Je, wajua kwamba anayecheza kinyume ameshaanza somo la kusoma, hata kama hajui herufi moja? Ili aseme "bukita", sharti akikate kitabu vipande vitatu kichwani, aking'oe cha mwisho na kukipachika mbele. Huko Oxford, Lynette Bradley na Peter Bryant waliwapima watoto zaidi ya 400 wa miaka minne na mitano. Waliwatajia maneno machache, mtoto aseme lipi sauti yake haifanani na za wenzake, kisha wakawafuatilia kwa miaka kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983: waliozipambanua sauti mapema ndio, kwa jumla, waliosoma vizuri baadaye. Unaweza kulifanya jaribio hilo jikoni huku unamenya viazi. Bata, bibi, kuku, baba: nani kapotea njia? Hakuna ada wala sare.

Na mtoto anayekua na Kiswahili ana bahati. Irabu zetu ni tano tu, kila moja na sauti yake, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Ndiyo sababu ba be bi bo bu ya mabibi zetu haijachakaa mpaka leo. Mwaka 2003, Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee na wenzake walitoa ulinganisho wa watoto wa Ulaya waliokuwa wakimaliza mwaka wao wa kwanza wa shule. Watoto wa Finland, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma sawasawa maneno 98 ya kawaida katika kila 100. Wa Uskoti, waliokuwa wakifundishwa kusoma Kiingereza, 34. Ni kweli hao wa Uskoti walikuwa wadogo zaidi kwa umri, lakini umri peke yake haulizibi pengo kama hilo. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti, ila kwa maandishi yake sisi ni ndugu wa Wafini. Mzazi anayezungumza Kiswahili na mwanawe kutwa, kisha usiku akamfungulia kitabu cha kwanza cha kusoma kwa Kiingereza, kwa maoni yangu anampandisha mlima kwa upande wenye miamba.

Lakini wepesi huo una hila yake. Mtoto anaweza kutiririka ukurasa mzima kama kasuku na asijue sungura alikimbia kwa nini. Muulize.

Halafu kuna mitego midogo. Je, wajua kwamba neno "mbuni" huandikwa namna moja na kusomwa namna mbili? Ndege yule mwenye shingo ndefu ni mbu-ni, silabi mbili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, silabi tatu. Herufi hazikusaidii hapo. Kinachokusaidia ni kuwa ulishalisikia neno kabla ya kuliona.

Mpwa wangu wa miaka mitano alinisomea siku moja, kwa sauti ya mtangazaji: "Huyu dada ana ndevu." Akanyamaza. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaangua kicheko. Kitabuni mlikuwa na baba. Stanislas Dehaene, mtaalamu wa ubongo wa Ufaransa, anaeleza kwamba ubongo umezoea kukitambua kitu hata kikigeuzwa: kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto. Kwa sheria hiyo b na d ni kitu kimoja, na mtoto hana budi kuivunja ili asome. Ndiyo maana wengi wa umri huo huandika majina yao kinyumenyume, na kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe. Kwa hiyo usimpigie kelele.

Je, wajua mtoto anatazama nini unapomsomea? Picha. Mwaka 2005 Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin wa Kanada walifuatilia macho ya watoto wa miaka minne hivi waliokuwa wakisomewa, wakakuta maandishi karibu hayaangaliwi kabisa. Kidole cha msomaji kikipita chini ya maneno, macho huanza kukifuata. Walimu wa chuo cha Kurani pwani walilijua hilo zamani, na kijiti chao cha kuonyeshea herufi.

Nyumba isiyo na kitabu haikosi maandishi: mfuko wa unga, kopo la maziwa, ubavu wa daladala linalopita mlangoni. Ila mimi nachagua kanga. Jina la kanga, yaani msemo wake, zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu; siku hizi ni za Kilatini, karibu kila mara kubwa tupu. Nazo herufi kubwa hazina kesi ya baba na dada: B ina matumbo mawili, D moja.

Yule mpwa wangu sasa husoma kanga za mama yake zikiwa kambani. Juzi alikwama kwenye moja kwa muda mrefu, midomo ikimchezacheza, kidole hewani. Ilikuwa imeanikwa ndani nje. Mwishowe akainama, akapita chini ya kamba hadi upande wa pili, akaanza upya.