Aulosi na Mashavu ya Athena

Kila harusi ninayopiga zumari hakosi mpiga picha wa kuninasa mashavu yamefura kama maandazi. Simlaumu. Hata Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, hadithi yasema aliitupa aulosi, ala yao ya kupuliza, alipojiona majini jinsi uso ulivyomvimba. Satiri Marsyas akaiokota, akashindana na mungu Apollo, akashindwa, akachunwa ngozi. Mashavu tu hayo!

Aulosi ilikuwa mirija miwili, ya mfupa, mti au pembe ya ndovu, ikipulizwa kwa pamoja na mtu mmoja. Usidhani ni filimbi ya mchunga mbuzi. Kila mrija ulikuwa na ulimi wa tete, ndugu wa ulimi wa zumari, na sauti yake ilikuwa kali. Mwanahistoria Thucydides anaeleza jinsi Wasparta walivyosonga taratibu vitani kule Mantinea, mwaka 418 KK, wakifuata aulosi nyingi ili safu isivunjike. Wapigaji wengi walijifunga phorbeia, mkanda wa ngozi uliopita mdomoni ukazunguka kichwa, wenye matundu ya kupitishia mirija. Nimeuona kwenye picha za vyungu vyao, nikautamani.

Lakini utamu wote uko kwenye ulimi. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kuwa matete bora yalitoka ziwa la Orchomenos, huko Boeotia, na hayo mazuri yaliota ziwa likifurika. Ndimi za jozi moja zilikatwa pingili moja: upande wa mizizini ukaenda mrija wa kushoto, wa juu ukaenda wa kulia. Ukichanganya pingili, mirija haipatani. Anayeona huo ni ushirikina hajawahi kukata ulimi. Mimi hukata kadhaa nikapata mmoja unaolia, na hapo nina mrija mmoja tu wa kuushibisha.

Ziwa lenyewe lilikaushwa karne ya 19, likawa mashamba. Mirija michache imesalia, kama jozi iliyoko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, na mafundi wa leo huiga vipimo vyake. Ndimi ndizo zilizooza. Na ulimi mrefu hushusha sauti, mfupi huipandisha, hata mrija ukiwa uleule. Kwa hiyo mafundi wawili wanaweza kuchonga aulosi ileile kwa vipimo vilevile, kisha kila mmoja akapiga sauti zake, na hakuna wa kuwaamua.