Seleniamu Katika Damu ya Ng'ombe

"Daktari, ndama ametoka salama, lakini kondo la nyuma limekataa kutoka." Simu za namna hii nazipokea sana hapa Keroka, mji ambako Kisii na Nyamira hupakana. Kabla sijavaa glavu huuliza ng'ombe analamba chumvi gani. Aghalabu ni ile ya jikoni, maana ya mifugo yenye madini ni ghali. Kondo hukwama kwa sababu nyingi. Mojawapo ni upungufu wa seleniamu.

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 55 tu za madini haya kwa siku. Kiasi hicho hujengwa ndani ya vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Kimoja ni glutathioni peroksidesi. Gordon Mills alikieleza mwaka 1957, lakini ni mwaka 1973 ndipo watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba kina seleniamu. Mwaka huohuo, Ujerumani, Leopold Flohé na wenzake walikisafisha kutoka damu ya ng'ombe wakakuta atomi nne za seleniamu katika kila molekuli. Seli zinapotumia oksijeni huzalisha peroksidi zinazochoma utando wake. Kimeng'enya hiki huzivunja kabla hazijadhuru. Kikipungua, misuli ya ndama hupauka na miguu hukosa nguvu za kumsimamisha anyonye.

Nyasi ya nepia tunayomkatia ng'ombe haina kimeng'enya chenye seleniamu hata kimoja. Hufyonza seleniamu kupitia njia ya salfa, kwa kuwa zinafanana kikemia. Udongo wetu mwekundu, wenye asidi inayopendwa na majani chai, una oksidi za chuma, na udongo wa namna hiyo huishikilia seleniamu kiasi kwamba mizizi huambulia kidogo. Mahindi ya ugali nayo huota humohumo.

Kwa binadamu, jambo linalonigusa zaidi ni tezi ya shingoni. Homoni yake kuu hubeba atomi nne za ayodini, na lazima moja iondolewe ndipo ifanye kazi kikamilifu. Kazi hiyo ni ya vimeng'enya viitwavyo dayodinesi, navyo pia vina seleniamu. Mapema miaka ya 1990, kaskazini mwa Zaire, watafiti akiwemo Contempré waliwapa seleniamu watu waliopungukiwa ayodini pia. Homoni ya tezi ilishuka: vimeng'enya viliamka, vikaitumia haraka, na ayodini ya kutengeneza nyingine haikuwapo. Ndiyo maana nasisitiza chumvi yenye ayodini kwanza, kisha samaki. Omena wa ziwani wanaouzwa sokoni kwetu wana seleniamu.

Mfugaji akiniomba amdunge ng'ombe wake seleniamu mwenyewe, nakataa. Seleniamu ikizidi ni sumu: manyoya hunyonyoka, kwato hupasuka, na dozi kubwa huua.

Ufini ilianza kuitia seleniamu katika mbolea za nchi nzima katikati ya miaka ya 1980, huku ikipima vyakula na damu za watu. Nasi tuanze na vipimo. Maabara zichukue nepia ya Borabu, mahindi ya Bomachoge na damu ya ng'ombe wa Kitutu, na majibu yabandikwe kwenye vyama vya maziwa, mahali mfugaji anapopeleka mtungi wake kila asubuhi.