Maana ya Moyo wa Ukunjufu Katika Kutoa

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi ya kutoa, na yampasa mwalimu wa dini kuyapambanua. Sadaka asili yake ni Kiarabu, nalo lina shina moja na neno sadiki. Latumika kwa dhabihu za madhabahuni, kwa fedha za kanisani, na kwa chakula apewacho maskini mlangoni. Zaka ni fungu lililopimwa, ambalo mtu alijua hesabu yake kabla hajalitoa. Mchango ni mali ya wengi iliyotiwa pamoja kwa kazi moja. Ubani kwanza ni uvumba, lakini watu wa pwani huita hivyo pia msaada wapewao wafiwa. Katika maneno hayo yote hakuna hata moja lisemalo kama mtoaji alifurahi au alinung'unika. Neno la kusema hivyo ni jingine, nalo ni ukunjufu.

Kiswahili hutangua tendo kwa kugeuza mwisho wa neno: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Nguo iliyokunjwa haijulikani ndani ina nini. Ikikunjuliwa, yote huwa wazi. Vivyo hivyo aliyekunja uso ana jambo moyoni, na mkunjufu hana. Wafasiri wa Waraka wa Pili kwa Wakorintho, walipofika sura ya 9, aya ya 7, walichagua neno hilo kumweleza mtoaji apendwaye na Mungu. Neno la Kiyunani mahali hapo ni hilaros, yaani mchangamfu. Lakini katika sura ya 8, aya ya 2, ukarimu wa Wamakedonia umeitwa haplotes, na maana yake ya asili ni hali ya kitu kisicho na mikunjo. Basi Kiyunani kina maneno mawili, na Kiswahili kina mfano mmoja uyashikao yote mawili, furaha na unyofu. Atoaye huku akihesabu atakachorudishiwa ana mkunjo moyoni. Asiye na la kuficha hutoa akifurahi.

Tuangalie habari yenyewe. Katika miaka ya 50 ya karne ya kwanza, Mtume Paulo alikusanya mchango katika makanisa ya Mataifa kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu. Wakorintho walikuwa wameanza tangu mwaka uliotangulia, nao hawajamaliza. Wamakedonia walikuwa maskini sana, tena katika dhiki, lakini wao ndio waliomsihi Paulo awape nafasi ya kushiriki. Msomaji na aangalie mpango wa maneno ya Mtume: furaha yao na umaskini wao vilikuwapo kwanza, ndipo ukarimu ukafurika. Sisi huwaambia watu kwamba wakitoa watafurahi. Paulo aeleza ya kuwa Wamakedonia walitoa kwa sababu walikuwa wamekwisha kufurahi katika neema waliyopewa.

Wazee wetu nao walilijua jambo hili kwa njia yao, waliposema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Vijana wengi hawalielewi neno usambe. Ni usiambe, yaani usiseme, kutoka katika tendo la kale amba, ambalo bado tunalo katika ambia. Methali yatukataza kusema kwamba kutoa ni kazi ya matajiri. Yule mjane wa hekaluni, aliyetia senti mbili tu, ni mfano wake.

Twaleta maneno haya kwa sababu ya desturi iliyomo katika makanisa mengine, ya kusoma mbele ya watu majina ya watoaji pamoja na kiasi cha kila mmoja. Katika arusi na matanga daftari lina kazi yake, kwa kuwa leo kwangu, kesho kwako, na deni la ujirani hulipwa. Lakini kanisani, mwenye kidogo akisikia jina lake likifuata la mwenye kingi, hutoa kwa haya, na mara nyingine Jumapili ifuatayo hukaa nyumbani. Fedha imepatikana, na mtu amekunjwa.

Huenda mtu akajibu kwamba Paulo naye aliwahimiza watu. Ni kweli; aliwakumbusha Wakorintho ahadi yao, akawatuma ndugu watangulie. Lakini alieleza sababu: kipawa kiwe tayari mapema kama baraka, kisionekane kuwa kitu kilichonyang'anywa. Alisema wazi kwamba hatoi amri, wala katika sura hizo mbili hakutaja kiasi hata kimoja. Akaongeza kwamba nia ikiwapo, hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu. Tena kwa habari ya fedha zenyewe, alitaka wawepo watu waaminifu wa kuzichukua pamoja naye, asije mtu akamlaumu.

Basi mwalimu atakaye kufundisha kutoa ana mambo matatu ya kufanya: awahubiri watu neema kabla ya kuwaomba fedha, awape muda wa kukusudia mioyoni mwao, na awaonyeshe hesabu ya matumizi. Njia hiyo haikumpotea Mtume. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 15, aya ya 26, twasoma kwamba Makedonia na Akaya walipendezwa kutoa. Na Korintho ulikuwa mji wa Akaya.