Habari Ikitufikia Tuichunguze



Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tunaamrishwa kuchunguza habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Sisi wa Kaniha tuna mfano wa karibu. Mwaka 1993 redio ya RTLM ilianza Rwanda. Watu waliipenda kwa muziki na mizaha, kumbe ndani yake mlikuwa na chuki dhidi ya Watutsi. Mwaka 1994 ikawa inataja majina ya watu wa kuuawa. Mwaka huohuo wakimbizi wengi mno walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa, Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili.

Basi redio, gazeti au simu ikituletea habari, tuulize: Nani kasema? Aliona mwenyewe au kasikia? Anayelaumiwa amepewa nafasi ya kujibu? Chombo kingine kimethibitisha?

Na habari inayotutaka tuchukie kabila zima au dini nzima, hata ikija na wimbo mtamu, isitoke midomoni mwetu.