Mabampa yanapauka Lilongwe, mafundi wako Dzaleka

Gari la mtumba kutoka Japani likishushwa bandarini Dar es Salaam, safari yake ya Malawi bado ni ndefu: Mbeya, mpaka wa Songwe, Karonga, Mzuzu, kisha barabara ya M1 hadi Lilongwe. Mara nyingi kinachotoboa siri ya umri wake si injini. Ni plastiki nyeusi: bampa la Probox, kingo za juu ya magurudumu za Honda CR-V ya zamani. Zimegeuka rangi ya majivu.

Anayelaumiwa ni jua. Plastiki hizo nyingi ni polipropilini iliyochanganywa na unga mweusi wa kaboni. Mionzi ya urujuanimno huila ngozi ya juu, ikabaki na nyufa ndogo mno zinazotawanya mwanga, na jicho likaona kijivu. Weusi wenyewe uko palepale chini. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua lake halilihurumii gari linalolala nje.

Dawa ya mtaani inajulikana: oili chafu, mafuta ya kupikia au kiwi ya viatu. Gari hung'aa papo hapo, likamridhisha mnunuzi anayelizunguka mara moja tu. Siku chache baadaye vumbi limenasa, na mvua za Novemba zikianza, weusi wote unatiririkia barabarani. Huo ni ujanja wa kuuza gari, si ufundi.

Fundi anayejali huanza na maji, sabuni na brashi, mpaka kitambaa kitoke kisafi. Anaweza kupaka rangi, lakini polipropilini haishiki rangi bila kupakwa kwanza dawa yake maalumu. Hatua hiyo ikirukwa, rangi hubanduka kama ganda la kitunguu. Njia nyingine ni joto. Kifaa cha kupuliza hewa ya moto hupitishwa kwa mkono usiotulia mahali pamoja, ngozi iliyochakaa ikalainika, nyufa zikajifunga, na weusi ukarudi mbele ya macho ya mteja. Mkono ukisita sekunde chache tu, plastiki hujikunja, na hasara ni bampa zima. Ndiyo maana hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, na bodi ya jirani huzibwa kwa utepe wa karatasi. Hata hivyo jua litarudi, na njia hii hairudiwi mara nyingi.

Mtaji wake ni mdogo na gereji si lazima. Ni kazi ambayo ingeifaa sana kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mikono ya kazi haikosekani. Umeme ni tatizo, kwani kifaa hicho hula wati 1,500 au zaidi, nguvu isiyotoka kwenye paneli ndogo ya jua.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba magari yako mjini. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikaweka pingamizi juu ya haki ya kufanya kazi na ya kwenda popote. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakamata Lilongwe. Gari lililokwisha kulipiwa ushuru linakwenda linakotaka. Fundi aliyetoka Bukavu anahitaji kibali.

Mwenye gari, kwa upande wake, anaruhusiwa kulipeleka kambini. Lakini petroli Malawi imekuwa ya kupangia foleni, na si wengi watakaochoma ya kilomita 90, kwenda na kurudi, kwa ajili ya bampa.